Mlango wa Nyuma, Kushoto

Mama mkwe, huo si mlango wa tanuri.
Hii ni Opel. Ina miaka kumi na tisa,
ilitoka Ujerumani juu ya lori, ikavuka nchi baada ya nchi
bila mkwaruzo,
ikaja kukutana na wewe hapa Kutaisi.

Nimemwambia kwa upole. Nimemwambia kwa mzaha.
Nimebandika karatasi kiooni: FUNGA TARATIBU.
Nanuli akavaa miwani, akaisoma kwa sauti,
akasema, "Badri, siku hizi mwandiko wako unasomeka,"
kisha akashuka, na paa!
njiwa wa kanisani wakaruka wote kwa mpigo.

Anasema mlango usiolia haujafungwa.
Ujana wake aliumalizia kiwandani, kwenye malori,
milango ya kule ilikuwa ya chuma
na madereva wake hivyo hivyo.

Wala si yeye peke yake.
Shemeji Tengizi hupakia dumu la divai kwenye buti
akiliburuta juu ya bampa kama beberu aliyenusa kisu.
Mikwaruzo mitatu, kila mmoja na mavuno yake:
huu wa harusi ya Eka,
huu wa mwaka ule wa mvua ya mawe,
huu sijui, tulikuwa tumelewa sote isipokuwa gari.
Sandro, mtoto wa dada, ana magoti,
na figo zangu zinayajua magoti hayo
toka Zestaponi hadi mlangoni kwetu.
Dada yake kamchora paka ubavuni mwa gari, kwa sarafu.
"Ni wewe huyo, mjomba."
Nimetazama. Masharubu amepatia.

Manana, mke wangu, safari ikiwa ndefu
hupandisha miguu kwenye dashibodi.
Asubuhi za ukungu nyayo zake hutokeza kiooni,
vidole kumi, vinene, mbele ya barabara.
Hizo sijazifuta.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
wao hupanda, hushuka, hukung'uta makombo ya mkate wa jibini,
huning'inia kwenye mkanda kama kengele,
nami Jumapili na ndoo, na fulana kuukuu,
nalizunguka gari kama daktari wa zamu,
nabonyeza hapa, nauliza, panauma?
Wakasema nalipenda kuliko watu.
Nikasema watu hawapati kutu.
Sikujua nilichokuwa nasema.

Februari wakamruhusu Nanuli kutoka hospitali.
Koti lake lilikuwa limemzidi ukubwa,
kama ameazima kwa mtu aliyekuwa yeye.
Tukamketisha nyuma, kushoto, mahali pake.
"Niacheni. Nafunga mwenyewe."

Akavuta.
Mlango ukaja polepole, ukagusa, ukatulia,
vile vile karatasi ilivyoomba.
Taa nyekundu kwenye dashibodi haikuzimika.
Akavuta tena, sasa kwa mikono miwili,
nikaona mishipa ya shingo yake, nikatazama pembeni.
"Umefunga?"
"Umefunga, mama."

Tukaondoka hivyo.
Manana kaketi naye nyuma, kamzungushia mkono
kama anayemkumbatia,
kumbe kiganja kiko mbali zaidi, kimeshika kitasa.
Niliendesha mwendo wa jeneza, Mungu anisamehe neno hilo.
Upepo ulipiga mluzi penye upenyo.
Nyuma yetu honi, matusi, honi.
Ile taa ilinikodolea jicho njia nzima,
nami sikusema kitu, mimi,
ambaye kwa mlango huo nimesema miaka.

Nyumbani akashuka, akaegemea bodi, akapumua.
Kisha akalipiga gari kofi moja,
kwa mkono wake mkavu, juu ya paka.
"Gari zuri," akasema. "Halina kelele."

Jumapili nikatoka na ndoo.
Nikatafuta alama ya kofi lile,
nikainama, nikasogea penye mwanga.
Hakuna.